Taa ya chungwa kwenye SFP: kabla hujasema moduli imeungua

SWALI: Jambo sana, Mzee. Mimi ni fundi wa mtandao kwenye zahanati moja hapa Lubumbashi, upande wa Ruashi. Mwezi huu wa nane tumenunua swichi ya mtandao iliyokwisha tumika, ina nafasi ya moduli ya nyongeza, pamoja na SFP mbili za faiba, yaani vijimoduli vinavyounganisha swichi na nyuzi za kupitishia mwanga: moja ya kwenda maabara, nyingine ya kwenda ofisi. Nilichomeka vyote swichi ikiwa inawaka. Ya maabara ilishika mara moja. Ya ofisi, taa yake ni ya chungwa mpaka leo. Muuzaji anasema nimeiunguza kwa umeme wa mikono kwa kuwa sikuvaa bangili ya kuondoa umeme mwilini. Mwenzangu anasema bangili ni pambo tu, kosa langu ni kutozima swichi. Nani anasema kweli, na nifanye nini kabla ya kununua nyingine?

JIBU: Ndugu yangu, tuanze na mwenzako, maana hilo lake ni fupi. SFP imetengenezwa ichomekwe na kuchomolewa swichi ikiwa inawaka. Ina meno 20 ya kugusana, na hayana urefu sawa: ya tere (ya kupeleka umeme ardhini) yanagusa kwanza, ya umeme yanafuata, ya data yanakuja mwisho. Ukiisukuma moja kwa moja mpaka ilie “ka”, mpangilio huo unakulinda. Moduli ya nyongeza, ile kubwa inayobeba matundu ya SFP, ni jambo tofauti. Kuna swichi zinazokubali moduli hiyo iingizwe zikiwa zinawaka, na kuna zinazotaka zizimwe kwanza. Kitabu cha swichi yako ndicho kinachoamua, si fundi yeyote, na mimi pia simo. Kitabu kikikosekana, zima. Dakika tano za zahanati bila mtandao usiku ni bei ndogo.

Muuzaji naye hajakosea kuhusu bangili, ingawa kwa SFP yako nadhani anakimbilia jibu linalomfaa.

Uko Lubumbashi mwezi wa nane. Mvua ya mwisho umeisahau, hewa imekauka, vumbi jekundu limeingia mpaka ndani ya droo. Hiki ndicho kipindi ambacho mwili wa mtu unabeba umemetuli, yaani umeme unaojikusanya kwa msuguano, mwingi kuliko wakati mwingine wowote wa mwaka. Hesabu inayotumiwa na mafundi wa elektroniki ni hii: mtu anayetembea juu ya zulia katika hewa yenye unyevu wa asilimia 65 hadi 90 anaweza kukusanya volti 1,500, katika hewa kavu ya asilimia 10 hadi 20, volti 35,000. Sasa weka hiyo kando ya mambo mawili. Ngozi yako haisikii mshtuko wowote chini ya volti 3,000 hivi. Na kuna vipande vya elektroniki vinavyoharibika chini ya volti 100. Kwa hiyo kule kusema “sikusikia kitu chochote” hakuthibitishi lolote. Unaweza kuua kipande na mkono usijue.

Linaloniumiza zaidi ni kwamba mara nyingi kipande hakifi papo hapo. Kinajeruhiwa. Kinafanya kazi wiki kadhaa, kisha kinaanza kudondosha data hovyohovyo, na hakuna atakayekumbuka siku kilipochomekwa. Kwenye zahanati, maana yake ni matokeo ya maabara kutofika kwa daktari bila sababu inayoonekana. Ndiyo maana nasema bangili si pambo.

Lakini bangili inafanya kazi tu ikiwa waya wake unafika mahali pa kweli, na hapa ndipo mafundi wengi wa mji wetu wanapojidanganya. Ibane kwenye chuma kitupu cha swichi, si kwenye rangi wala juu ya plastiki; iguse ngozi, isikae juu ya mkono wa shati. Ndani yake mna rezista ya megaohimu 1, inayozuia umeme wa hatari kupita mwilini mwako. Mara kwa mara ipime kwa multimeta: ukiona chini ya megaohimu 1 au zaidi ya 10, itupe. Kisha jiulize: chuma cha swichi chenyewe kimeungwa wapi? Prizi nyingi za mjini zina tundu la tere lisilo na waya nyuma yake. Tena, ukichomoa kamba ya umeme ili ufanye kazi kwa usalama, umechomoa na tere iliyokuwa inapita humo. Kwa hiyo swichi yenye nafasi za moduli ipewe waya wake wa tere, kwenye skrubu maalumu iliyo nyuma au ubavuni, uende kwenye raki (fremu ya chuma inayobeba vifaa) na kutoka raki mpaka fimbo iliyo ardhini. Udongo wetu ukikauka, fimbo hiyo inashika vibaya kuliko wakati wa mvua, kwa hiyo ipimwe sasa hivi, kiangazi, siyo mwezi wa kwanza. Wenzetu wa Goma waliojenga juu ya mawe ya volkano ya 2002 wana taabu hiyo mwaka mzima.

Huna bangili leo? Gusa chuma kitupu cha swichi iliyoungwa tere kabla ya kutoa moduli kwenye mfuko wake, na urudie kugusa kila unaposogea. Ni kinga pungufu, ila inazidi mikono mitupu. Moduli ibaki ndani ya mfuko wake wa rangi ya fedha mpaka nafasi iwe imefunguliwa na wewe uko tayari. Ule mfuko wa rangi ya waridi hauzalishi umemetuli, lakini hauzuii unaotoka nje. Na sashe ya plastiki ya sokoni ni adui kabisa, kuifungua tu inazalisha umeme. Kama SFP zako zilikuja ndani ya sashe, muuzaji hana uso wa kukulaumu.

Kuingiza moduli ya nyongeza: ishike kwenye uso wake wa mbele na kingo, mkono mwingine uibebe kwa chini, vidole visiguse meno wala saketi. Ipangilie kwenye reli zake, isukume taratibu. Ikikwama, irudishe nyuma na uangalie. Anayeongeza nguvu hapo anapinda pini zilizo ndani ya swichi, na pini hizo hazina dawa. Skrubu za kushoto na kulia zianze kwa vidole, zote mbili, ndipo bisibisi ya mkono imalizie. Usitumie ya mota. Nafasi inayobaki tupu ifunikwe kwa kibati chake, kwa sababu feni zimepangiwa njia ya hewa, na tundu wazi linaipotosha hewa hiyo na kukaribisha vumbi.

Turudi kwenye taa ya chungwa. Kwenye swichi nyingi, rangi hiyo husema mlango, yaani tundu hilo la SFP, umezuiwa au umeikataa moduli. Kwa vifaa vilivyotumika, sababu ninayoiwazia kwanza ni hii: kila SFP ina kumbukumbu ndogo inayotaja aliyeitengeneza, na swichi nyingine hufunga mlango zikisoma jina zisilolijua. Ingia kwenye swichi, tazama orodha ya moduli na ujumbe wa makosa. Ikiwa jina, aina na namba vinasomeka, kumbukumbu ya SFP bado inajibu, na hilo peke yake linapunguza uzito wa maneno ya muuzaji.

Kisha hamisha kitu kimoja kimoja. Iweke SFP ya ofisi kwenye tundu la maabara, na faiba ya maabara. Ikishika, SFP ni nzima, na tatizo liko kwenye tundu, kwenye mpangilio wa mlango, au kwenye njia ya ofisi. Unapoichomoa, toa faiba kwanza, kisha vuta kishikio chake. Usiivute kwa kamba.

Angalia pia kama pande mbili zinalingana. Aina ya SFP iitwayo SX inatumia mwanga wa nanomita 850 na faiba ya multimodi (yenye kiini kipana), ile iitwayo LX inatumia 1310 na kwa kawaida faiba ya singlemodi (yenye kiini chembamba), mpaka kilomita 10. Ukichanganya, wala usishangae isiposhika. SFP+ ya gigabiti 10 ndani ya tundu la gigabiti 1 haitafanya kazi ya 10. Na kama ni faiba ya nyuzi mbili, zibadilishane upande mmoja tu: mara nyingi ni mtu aliyeunganisha mtoaji na mtoaji.

Vumbi sasa. Kiini cha faiba ya singlemodi kina mikromita 9. Chembe moja ya vumbi letu jekundu inatosha kukifunika. Vizibo vya SFP na vya ncha za faiba vitoke dakika ya kuchomeka, visitoke kabla. Safisha kwa kalamu ya kusafishia faiba, au kwa kitambaa kisichoacha nyuzi pamoja na alkoholi ya isopropili ya asilimia 99, halafu kwa upande mkavu. Usipulize kwa mdomo, usifute kwa shati. Wala usichungulie ndani: mwanga huo hauonekani kwa jicho. Kuna wanaotumia kamera ya simu ili waone kama SFP inatoa mwanga. Kwa 850 huenda ukaona kitu, kwa 1310 kamera haioni chochote, na wengi wametupa SFP nzima kwa sababu hiyo.

Njia ya uhakika ni kuisoma SFP yenyewe. Ikiwa inatoa vipimo vyake, soma nguvu inayotoka na inayoingia. Kwa LX ya gigabiti 1, inayotoka iwe kati ya −11 na −3 dBm (kizio cha nguvu ya mwanga), na inayoingia isishuke chini ya −19. Ikitoa vizuri na haipokei kitu, tafuta kasoro upande wa ofisi au kwenye faiba. Ikiwa muuzaji alikupa SFP ya aina ya ZR, ya kilomita 80, kwa nyumba mbili za kiwanja kimoja, ichomoe leo: mwanga wake ni mkali mno kwa umbali huo na unaweza kuharibu kipokezi cha upande wa pili, isipokuwa ukiweka kipunguza mwanga katikati.

Ikiwa umeisafisha, umeihamisha tundu, mlango umefunguliwa kwenye mpangilio, na bado kipimo cha kutoa hakionyeshi mwanga hata ndani ya swichi nyingine, hapo imekufa. Mpelekee muuzaji na vipimo ulivyoandika, na umwombe aipime mbele yako kwenye swichi yake.