Umerudi Unguja na umezoea kula nje? Jua saa za kula

Wengi tuliorudi kutoka Omani tunalalamikia joto na umeme, lakini tukikaa wenyewe kwa wenyewe, mazungumzo huishia kwenye chakula. Kule Ruwi, mtaa wa Maskati, mtu anatoka kazini usiku, anapiga honi nje ya mkahawa, kijana anakuja mbio mpaka dirishani mwa gari. Punde umeshika karak ya moto, ile chai ya maziwa na iliki, na porota, chapati ya Kihindi, lililokunjwa na jibini na krispi za Chips Oman ndani. Kwa riali moja na kidogo unapata biriani ya kuku. Na kwenye mikahawa ya wale Wahindi wa Kerala, wali unaongezwa mpaka ukatae mwenyewe.

Ukiingia Mji Mkongwe na matumaini hayo, utaletewa menyu ya bei za watalii.

Usiwalaumu wenye mikahawa peke yao. Bei rahisi ya Maskati inabebwa na wafanyakazi wengi wa kigeni walioacha familia makwao, wanaolala chumba kimoja watu kadhaa. Hao hawapiki, basi lazima apatikane wa kuwapikia kwa bei wanayoimudu. Hapa kwetu mtu akimaliza kazi hurudi kwao kula, na mkahawa wa mjini unamtegemea mgeni. Mwaka 2023 Zanzibar ilipokea watalii zaidi ya 600,000, na pweza na kamba wetu wanagombewa na mahoteli. Mchele mwingi tunaokula, vitunguu na viazi, navyo vinavuka bahari kabla ya kufika sufuriani.

Basi ushauri wangu: acha kutafuta mkahawa, jua saa. Chakula cha bei ya mwananchi kipo, ila kila kimoja kina wakati wake, na ukichelewa huna lako. Asubuhi ni mkate wa kusukuma kwa maharage au mbaazi za nazi, au supu na boflo. Mchana ni wali na mchuzi wa samaki kwa akina mama wanaopika karibu na masoko, Darajani na Mwanakwerekwe. Wahi mapema, maana wakishatoka watu msikitini adhuhuri utakuta ukoko.

Alasiri ni urojo, na hapa nitakaa kidogo. Muuzaji mzuri humjui kwa kibao, unamjua kwa foleni ya watoto wenye bakuli kutoka majumbani. Tazama rojo lenyewe: liwe la manjano, lisiwe zito kama uji, na ukali wa embe mbichi au ndimu ukupige puani kabla hujaonja. Bajia na kachori ziingie, halafu chatne ya nazi, pilipili, na chipsi za muhogo juu, zile zinazolainika ukichelewa kula. Ukiongeza mishkaki miwili umeshafunga hesabu ya jioni. Sijaona Maskati kitu cha kushindana na hiki, na ninasema hivyo nikiwa naipenda Maskati.

Forodhani, kwenye bustani ya vyakula vya usiku, nenda, lakini kwa akili. Kula miwa, mishkaki, hata ile pizza ya mayai na nyama ya kusaga. Samaki na kamba wa kuchoma uliza bei kabla hujaonyesha kidole, na uliza kwa Kiswahili cha hapa, maana ukishachomewa huna pa kubishia. Ukitaka kukaa mezani kama mtu, mkahawa wa Lukmaan pale Mkunazini bado wenyeji na wageni wanakula pamoja.

Jingine ambalo sisi tuliokaa nje huchelewa kulijua: mitaani kuna mama anayepika kwa oda. Unamtumia ujumbe leo, kesho anakufungia pilau au mseto wa choroko na samaki wa kukaanga. Mlipe siku hiyo hiyo, usimkope, na umrudishie vyombo vyake. Ramadhani muwahi zaidi, maana mchana kumefungwa karibu kila pahala na oda za futari zinamjaa.

Karak pika nyumbani. Ponda iliki, chemsha na majani ya chai mpaka maji yaive mekundu, tia maziwa ya kopo na sukari, kisha iache ipande na kushuka mara kadhaa kwa moto mdogo. Porota usihangaike nalo. Mkate wa kusukuma wa kibandani unatosha, mwambie tu muuzaji asiukaushe.