Helmeti ya uso mzima inaniumiza paji

SWALI: Naendesha pikipiki kila siku, helmeti yangu inanibana paji la uso mpaka kichwa kinauma, na hela sina nyingi. Nitafute ya aina gani?

JIBU: Pole sana ndugu. Paji likiuma hivyo mara nyingi shida ni umbo, sio saizi, yaani kichwa chako huenda ni kirefu na helmeti imetengenezwa kwa kichwa cha mviringo. Chukua tepu ya fundi nguo, zungushia juu kidogo ya nyusi mpaka nyuma panapotokeza upate saizi yako, halafu ukifika dukani ivae kama dakika 15 hivi bila kuvua, mashavu yakibanwa kidogo poa tu maana sponji hulegea na matumizi, ila paji likianza kuuma achana nayo hata iwe nzuri vipi. Bei ndogo isikutishe, ya polikaboneti (plastiki ngumu) yenye alama ya ECE 22.06, yaani kiwango cha usalama wa helmeti, imepita majaribio yaleyale na ya faiba ya bei kali, tofauti unaisikia zaidi kwenye uzito, kelele na hewa. Ila mtumba usinunue tafadhali, ikishagongwa foamu ya ndani hubonyea na kwa nje huoni kitu.