Maswali Yenu: Kujichapishia Kitabu Bila Kukiharibu

Wiki hii nawajibu wanaojichapishia vitabu wenyewe.

*Riwaya yangu inamhusu mama mboga wa soko la Kibuye. Marafiki wanasema niongeze mapenzi ndipo iuzike. – Kisumu*

Usiongeze. Mapenzi yaliyopachikwa kwa ajili ya soko msomaji huyanusa upesi. Biashara ina mahali pake: jalada, bei, idadi ya nakala, mahali pa kuuzia. Huko sikiliza soko. Ndani ya sentensi, msikilize mama mboga wako. Lakini waulize marafiki hao walichoka walipofika ukurasa gani. Huenda hawakukosa mapenzi, walikosa mwendo wa hadithi, na hilo ni lako kurekebisha.

*Pesa ni kidogo. Nimlipe mhariri au mchora jalada? – Mwalimu, Kakamega*

Mhariri, mwalimu wangu. Jalada huuza nakala ya kwanza. Ya pili huuzwa na mtu aliyeisoma ya kwanza. Jalada la maandishi matupu, yaliyopangwa vizuri, linatosha. Usichukue tu picha ya intaneti, ina mwenyewe.

*Ni lazima niwe na ISBN ili kazi yangu isiibwe? – Bungoma*

ISBN hailindi kazi, ni namba ya kutambulisha kitabu tu. Hapa Kenya hutolewa na KNLS, shirika la maktaba za taifa, na ukitaka kuingia madukani itafute. Hakimiliki unayo tangu ulipoandika, na hudumu miaka 50 baada ya kifo chako.

*Mpiga chapa anasema nikichapa nakala 1,000 kila moja itakuwa ya bei rahisi zaidi. – Nakuru*

Ni kweli, kwa sababu kutayarisha mashine ya ofseti, ile ya kuchapa nakala nyingi, hugharimu karibu sawa, uchape chache au nyingi. Ila piga hesabu yako, si yake. Tuseme ni Sh150 kwa nakala: umetoa Sh150,000. Ukiuza 200, kila iliyouzwa imekugharimu Sh750. Nakala 100 za mashine ya dijitali, hata kwa Sh300 kila moja, ni Sh30,000. Uza kwa Sh600. Duka likikata asilimia 30 unabaki na faida ya Sh120, ukiuza mwenyewe kwa M-Pesa ni Sh300.

Na kuna faida ninayoithamini kuliko pesa: makosa ambayo wasomaji 100 wa kwanza watakuonyesha utayasahihisha kabla ya kuchapa tena. Mwenye nakala 800 chini ya kitanda hawezi.