Maswali na majibu: mwenzangu baridi inamkamata haraka, kambini nifanyeje?

Wiki hii maswali karibu yote yamekuja na jambo moja, watu wanataka kupiga kambi kipindi cha theluji na wenza wao wanasikia baridi kuliko wao. Nimechagua machache. Ila nina ombi, mkiniandikia msianze na "mke wangu anadeka", nimelisoma hilo neno mpaka limenichosha. Mtu akikwambia miguu imekufa ganzi, basi imekufa ganzi, anza hapo.

Swali: Begi la kulalia limeandikwa nyuzi -10, usiku ilikuwa -6 tu na mpenzi wangu hakupata usingizi kabisa. Nimeuziwa feki?

Hapana, hujasoma lebo, na hili nalijibu kila msimu jamani. Mabegi yaliyopimwa kwa kiwango cha ISO 23537 yana namba tatu. Ya kwanza ni baridi ambayo mwanamke wa kawaida bado analala vizuri akiwa amejinyoosha, ya pili ni ya mwanaume wa kawaida aliyejikunyata na bado hajaanza kutetemeka, ya tatu ni ya kutokufa tu, sio ya kulala. Ile kubwa inayoandikwa kwa mbele mara nyingi ni ya pili, na kati yake na ya kwanza huwa kuna nyuzi 5 au 6 hivi, kwa hiyo begi lako la -10 kwa mwenzio ni kama la -4. Nunua kwa kufuata namba ya kwanza, na kwa mtu wa baridi ongeza tena nyuzi 5 za akiba.

Swali: Begi ni zuri, nimemuongezea na blanketi mbili juu, bado analalamika mgongo na nyonga.

Unamfunika juu wakati baridi inatoka chini! Hili nitalisema mpaka lieleweke. Begi linaweka joto kwa sababu manyoya au nyuzi za ndani zimetuna na zimeshika hewa, sasa ile sehemu aliyoilalia imekandamizwa na uzito wake mwenyewe, haijashika chochote, kilichobaki kati ya mgongo wake na theluji ni godoro tu. Miaka ya mwanzo na mimi nilifanya hivohivo, mke wangu nikampa begi nene tulilokuwa nalo na kigodoro kimoja chembamba, saa tisa usiku namsikia anageuka tu anageuka, nikapitisha mkono chini ya nyonga yake nikakuta baridi kama nimeshika chuma. Asubuhi tulipong'oa hema palikuwa na shimo la bega na shimo la nyonga kwenye theluji, imeyeyuka ikaganda tena kuwa barafu ya kung'aa, umbo lake kabisa. Joto lote lile lilikuwa lake, lilipotelea ardhini huku mimi nimelala.

Magodoro ya kambi yana namba R, inaonyesha yanazuia joto lisipotee kiasi gani. Kwenye theluji tafuta 5 kwenda juu, na kwa mtu wa baridi 6 haijazidi. Uzuri wake namba hizi zinajumlishwa, sponji ngumu ya 2 ukiweka chini na la kujaza upepo la 4 ukiweka juu unapata 6, na la upepo likitoboka usiku bado hajalala kwenye barafu. Yale ya upepo ya kawaida ya kulalia wageni nyumbani yaacheni hukohuko, ndani ni hewa tupu inayozunguka, inalibeba joto la mwili na kulipeleka chini.

Pesa ikiwa ndogo anza na godoro, begi baadaye. Na lililo zuri zaidi analalia yeye, sio wewe.

Swali: Naweza kuwasha jiko la gesi kidogo tu ndani ya hema, zipu ikiwa wazi?

Hapana. Wala mkaa, hata ule uliobaki mwekundu bila moshi, huo ndo unaoua watu wakiwa wamelala. Kaboni monoksidi haina harufu wala rangi, inaishika damu mara zaidi ya 200 kuliko oksijeni, kinachoanza ni kichwa kuuma na usingizi mzito, na kambini nani atashangaa mtu kuwa na usingizi. Kila mwaka mnaniuliza hili na jibu halitabadilika.

Swali: Na kilevi kidogo cha kumpasha joto?

Hakipashi, kinafungua mishipa ya ngozi, anahisi joto huku joto lenyewe linamtoka.

Swali: Miguu yake haipati joto hata akivaa soksi tatu.

Punguza soksi. Tatu zikibana damu haifiki vidoleni, na damu ndo inayoleta joto. Pea moja nene ya sufu, kavu, ya kulalia tu, haikanyagi nje hata mara moja. Zile za mchana hata akisema ni kavu zina jasho, zitoke, na nguo za pamba zibaki nyumbani maana zikilowa zinakaa na maji.

Kabla ya kulala ale kitu chenye mafuta, karanga au jibini, aende haja hata kama hajabanwa sana, halafu atembee au achuchumae mara ishirini aingie kwenye begi akiwa tayari na joto, maana begi halitengenezi joto, linatunza alilonalo. Chemsha maji, tia kwenye chupa ngumu isiyovuja, ivishe soksi isimuunguze, aiweke kati ya mapaja ambako mishipa mikubwa inapita, baadaye aisogeze miguuni. Pua na mdomo vibaki nje, pumzi ni maji na yataishia kwenye begi.

Hukuuliza ila nasema: kama vidole vinageuka vyeupe kabisa, kisha bluu, kisha vyekundu vikipata joto, au anasikia baridi hata watu wengine wakiwa wanatoka jasho, aende kwa daktari kabla ya safari, apimwe damu na tezi ya shingo.

Swali: Tuunganishe mabegi yawe moja?

Mkiwa wembamba wote wawili sawa, ila pale mabegani pataingia upepo kila mmoja akigeuka. Mimi naona kila mtu na lake, mkae karibu.

Swali: Alitetemeka sana jioni, baadaye akaacha mwenyewe. Ndo kuzoea?

Inategemea, na tafadhali lisome hili vizuri. Kama aliacha baada ya kula na kupata joto, anaongea vizuri na anafunga zipu mwenyewe, sawa. Kama aliacha huku bado yuko kwenye baridi, maneno yanaburuzika, anajikwaa, anakwambia niache nilale, huyo joto la mwili limeshuka chini ya nyuzi 35 na linaendelea kushuka, mwili umeishiwa nguvu hata ya kutetemeka. Mtoe kwenye upepo, vua nguo zilizolowa, mfunge kwa vikavu juu NA CHINI, chupa za moto zilizofungwa nguo ziende kifuani na kwapani, sio miguuni. Kinywaji cha moto chenye sukari kama anameza vizuri tu. Usimsugue, usimlazimishe atembee, ita waokoaji.

Swali: Safari ya kwanza ilimshinda, anasema hatarudi tena. Nimshawishije?

Usimshawishi, tengeneza vifaa kwanza. Mlale usiku mmoja mahali gari liko hatua kumi, godoro jipya, chupa mbili za moto, na mkubaliane kabla hamjatoka kwamba akisema tunaondoka, hata iwe saa nane usiku, unakunja hema bila neno.