Nilimwita marehemu mkutanoni: ushauri kwa mwenye kushika mafaili ya DBF

Ulikuwa mkutano wa mwaka, ukumbi wa kukodi kule Chumbageni, feni moja inazunguka na nyingine inatutazama tu. Katibu anasoma majina kutoka kwenye orodha niliyoichapa mimi asubuhi ile. Akafika kwa mama mmoja, akaita, kimya. Akaita tena. Mzee mmoja wa mstari wa mbele akamwambia kwa upole, "Huyo tulimzika, mwanangu. Hitima yake tuliila sote." Watu wakaanza kugeuka kumtafuta aliyeandaa orodha.

Chama chenyewe ni cha akiba na mikopo, hapa hapa Tanga, na jina lake nalihifadhi. Hesabu zao zimo kwenye programu iliyoandikwa kwa Clipper, lugha ya zamani ya kuundia programu za hifadhidata, iliyowekwa miaka ya tisini mwanzoni. Mji wetu husemwa kwamba ni waja leo waondoka leo, lakini programu hii ilikuja ikalowea. Data zinakaa katika mafaili ya DBF, muundo wa majedwali uliotokana na dBASE, programu ya hifadhidata ya kampuni ya Ashton-Tate miaka ya themanini, kisha Clipper na FoxPro wakaurithi. Mhasibu wao ni mzee wangu wa mtaani. Aliniita nimtolee orodha ya wanachama ifunguke kwenye kompyuta mpya. Nikamwambia, "Shikamoo mzee, hiyo kazi ya saa moja." Kauli ya kijana huyo.

Nilichokuwa sijui ni hiki: DBF haifuti mtu. Ukimfuta mwanachama, programu inaandika kinyota kwenye baiti ya kwanza ya rekodi yake, yaani mstari wake kwenye jedwali, basi. Ambaye hajafutwa ana nafasi tupu pale pale. Jina, namba na akiba ya mwisho vyote vinabaki humo mpaka siku mtu atakapotoa amri ya PACK, inayowaondoa kabisa, na chama hiki hakikuwahi kuitoa. Skripti yangu, programu fupi niliyoiandika kwa lugha ya Python kuitoa orodha, iliiruka baiti ile kama takataka. Waliofariki, waliohamia Dar, waliojitoa kwa hasira, wote wakarudi kundini.

Kwa hiyo kabla hujagusa chochote, nakili folda nzima kwenye flashi na ufanye kazi kwenye nakala. Folda nzima, maana pembeni ya DBF kuna mafaili ya NTX, ambayo ni faharasa, na pengine DBT inayobeba maelezo marefu. Ukichukua DBF peke yake, maelezo umeyaacha ofisini.

Kisha soma kichwa cha faili, baiti za mwanzo zinazolieleza. Ni kirahisi kuliko kinavyotisha:

import struct
with open("WANACHAM.DBF", "rb") as f:
    f.seek(4)
    idadi, kichwa, urefu = struct.unpack("<IHH", f.read(8))

Hapo umepata idadi ya rekodi, urefu wa kichwa na urefu wa rekodi moja. Mimi nilipata 412, 321 na 118. Sasa chukua kikokotoo: 412 mara 118 ni 48,616, jumlisha 321, unapata 48,937. Faili lilikuwa na baiti 48,938, na ile moja iliyozidi ni alama ya mwisho wa faili. Hesabu ikikubali hivyo, faili ni zima. Isipokubali, simama hapo hapo. Huenda umeme ulikatika mtu akiwa katikati ya kuandika. Ile 321 nayo inakwambia kitu: baiti 32 za mwanzo, baiti 32 kwa kila safu, na moja ya kufungia. Safu 9, basi. Jina la safu halizidi herufi 10, ndiyo maana nilikuta TAREHEKUJI nikabaki kujiuliza. Ni tarehe ya kujiunga.

Kama huna haja ya kuonyesha ujuzi, tumia maktaba ya dbfread. Inasoma tu, haiandiki, na wenye kinyota inawaweka kando yenyewe. Mimi nilitaka kuonyesha ujuzi.

Tarehe ndizo zilizonikalisha siku mbili. Zimehifadhiwa kama herufi 8, mwaka, mwezi, siku, na nyingine ni nafasi tupu 8 ambazo skripti ikijaribu kuzigeuza namba inaanguka. Hizo si neno. Balaa ni wanachama niliowakuta wamejiunga mwaka 1903, Mjerumani ndiye mwenye Tanga! Programu ilikuwa inaonyesha tarakimu mbili tu za mwaka, na hakuna aliyeiambia karne imebadilika. Karani akaandika 03 akimaanisha 2003, yenyewe ikajaza 19 mbele. Nikataka kuongeza miaka 100 kwa kila tarehe iliyo kabla ya 1940. Mzee akanishika mkono: "Na mimi niliyezaliwa thelathini na mbili?" Kweli. Safu ya kuzaliwa ilikuwa sahihi, ya kujiunga ndiyo mbovu. Kwa hiyo rekebisha safu kwa safu, na kipimo kiwe jambo linalojulikana, kama mwaka chama kilipoanzishwa. Kwenye nakala yako, lakini. La asili liache na 1903 yake.

Kuandika kwenye faili lenyewe ni habari nyingine, na maoni yangu ni usiandike. Toa data, zipeleke SQLite, hifadhidata ya siku hizi, kazi mpya ifanyike huko. Ila mzee alikuwa bado anaitumia ile ya zamani kwa stakabadhi, na akaomba wanachama wapya 6 niwaingize kwa skripti. Urefu wa kila safu lazima ujazwe kamili: maneno yaanzie kushoto, namba zisogezwe kulia, panapobaki pajazwe nafasi. Rekodi mpya inaanza pale ilipokuwa alama ya mwisho, alama inasogezwa, na idadi kwenye kichwa inabadilishwa iwe 418. Hili la kichwa nililisahau mara ya kwanza, na programu ikaapa kwamba wako 412.

Nikalisahihisha. Tukafungua programu, tukatafuta mwanachama mpya kwa namba yake: hayupo. Hesabu inasema 418, akitafutwa haonekani. Nilikaa pale jasho linanitoka mpaka nikakumbuka yale mafaili ya NTX. Utafutaji unapita kwenye faharasa, na skripti yangu haikuigusa. Nikamuuliza mzee kama programu ina mahali pa kujenga faharasa upya.

"Ipo, ya 7 kwenye menyu," akasema, akaibonyeza bila kutazama. Wote sita wakatokea. Kumbe hiyo huibonyeza kila Ijumaa kabla ya kwenda msikitini, tangu programu ilipokuja. Aliyemfundisha alimwambia asiache, hakumwambia ni ya nini.