Jibu: Mikroprobu au hadubini ya elektroni kwa maabara ya jiolojia Tabora?

Mkuu, umeuliza chuo chenu hapa Tabora kinunue mikroprobu ya elektroni (mashine ya kupima kwa usahihi kemia ya madini kwa mwale wa elektroni) au hadubini ya elektroni yenye kigunduzi cha EDS, yaani kinachotambua elementi kwa nishati ya eksirei zinazotoka kwenye sampuli. Kwa maabara inayoanza, chukueni hadubini. EDS huona elementi ikifika takriban asilimia 0.1 ya uzito. Inatosha kabisa kutenganisha pairaiti (madini ya chuma na salfa) na asenopairaiti (yenye aseniki pia), tuseme kwenye sampuli za Nzega. Mikroprobu kwa spektrometa za WDS, zinazotenganisha eksirei kwa urefu wa mawimbi, hushuka hadi asilimia 0.01 hivi, ila matunzo yake ni mzigo wa kudumu.

Kigunduzi cha EDS kiwe SDD, aina mpya ya silikoni isiyohitaji naitrojeni ya kimiminika. Vile vya zamani vya Si(Li), yaani silikoni yenye lithiamu, vinataka naitrojeni ya kimiminika kila mara, na huku kwetu utaifuata mbali.

Chumba ndicho nakusihi ukipiganie kabla hamjasaini chochote: ghorofa ya chini, mbali na reli na transfoma, maana mtikisiko na usumaku huifanya picha icheze. Umeme upitie UPS, kifaa chenye betri kinachoshika umeme ukikatika.

Halafu mkataba utaje mashine ya kung'arisha sampuli na ya kupaka kaboni. Bila kaboni, chaji hujikusanya juu ya mwamba na picha hugeuka weupe mtupu. Mafunzo ya fundi wenu nayo yaandikwe humohumo.