Virusi na kansa: mmeuliza, tunajibu

SWALI: Shikamoo dokta. Mimi ni mama wa watoto wanne, naishi Rorya mkoani Mara. Mtoto wa mdogo wangu ana miaka 6, gego la juu lilianza kulegea tukajua ni meno ya utoto tu, tukampeleka likang'olewa, wiki haijaisha shavu limevimba mpaka jicho linasukumwa nje. Tumefika hospitali ya Bugando, Mwanza, wanasema ni kansa ya Burkitt na kwamba kuna kirusi kinahusika. Sasa ukoo umechafuka, wengine wanasema karogwa, wengine hawataki watoto wao wale naye sahani moja. Je inaambukiza? Na mama yangu anasema zamani huku kwetu watoto waligawiwa klorokwini kwa ajili ya ugonjwa huu huu, ni kweli?

JIBU: Marahaba mama, na pole sana, mdogo wako naye mpe pole. Naanza na la sahani maana ndo linalouma zaidi. Mwacheni ale na wenzake. Kansa yenyewe haimtoki huyo mtoto ikaenda kwa mwingine. Kirusi chenyewe kinaitwa Epstein-Barr, kwa kifupi EBV, na kwa hesabu ilivyo wewe unacho na mimi ninacho, maana zaidi ya watu wazima 9 kati ya 10 duniani wanacho, kinapita kwenye mate na huku kwetu watoto wengi wanakuwa wameshakipata kabla hawajafika miaka 3. Kikishaingia hakitoki tena, kinajificha kwenye seli nyeupe za damu na wengi wetu tunazeeka nacho bila kujua. Kwa hiyo hao watoto wanaofichwa asiwaambukize, karibu wote wanacho tayari. Cha kuangalia ni upande wa pili: akiwa kwenye dawa za kansa kinga yake inashuka sana, hivyo mwenye mafua, tetekuwanga au surua asimkaribie YEYE.

Sasa utaniuliza, kama wote tunacho kirusi mbona kansa imempata huyu? Hilo swali limewachukua watafiti miaka mingi na jibu lake kubwa limetafutwa huku huku kwetu. Mwaka 1957 pale hospitali ya Mulago, Kampala, daktari wa upasuaji Denis Burkitt aliitwa kumwangalia mtoto wa kiume aliyevimba taya zote, juu na chini, kulia na kushoto. Hakuelewa. Muda si mrefu akiwa hospitali ya Jinja akamwona mwingine wa hivo hivo. Akaanza kutuma vipeperushi vyenye picha kwenye hospitali za Afrika akiuliza mmeshaona mtoto wa namna hii? Halafu 1961 yeye na wenzake wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, wakachukua gari kuukuu la Ford wakatoka Kampala kushuka mpaka kusini mwa Afrika, kama maili 10,000, wakisimama hospitali zaidi ya 50 na swali lile lile. Mi hii kazi naiheshimu mno, maana haikuwa na maabara wala mashine, ni kuuliza na kuweka alama kwenye ramani.

Na ramani ikaongea. Ugonjwa uko kwenye joto na mvua, ukanda unaokatisha katikati ya Afrika, ukipanda milimani kwenye baridi haupo, ukienda kwenye ukame haupo. Yaani kule kule kwenye malaria kali. Wakati huo huo London kulikuwa na mtafiti Michael Epstein aliyemsikia Burkitt akihutubia mwaka 1961, akaomba vipande vya uvimbe viletwe kwa ndege kutoka Kampala, na 1964 yeye na Bert Achong na Yvonne Barr wakakiona kirusi kwa darubini ya elektroni. Ndo kirusi cha kwanza kuhusishwa na kansa ya binadamu.

Lakini kukikuta kwenye uvimbe haitoshi, mtu anaweza kusema kirusi kimeingia baada ya kansa. Kwa hiyo kuanzia 1972 huko West Nile, Uganda, watafiti walichukua damu ya watoto kama 42,000 wazima kabisa, wakaihifadhi kwenye friza, wakasubiri. Miaka ikapita, wachache wakapata Burkitt, wakarudi kutoa damu yao ya zamani na kuipima. Majibu yalitoka 1978: waliokuwa na kingamwili nyingi sana za EBV (alama kwenye damu kwamba mwili unapambana nacho) tangu wakiwa wazima hatari yao ilikuwa kama mara 30 ya wengine. Yaani kirusi kilitangulia.

Mwenzake ni malaria. Mtoto akipigwa na malaria mara kwa mara, zile seli nyeupe ambamo EBV imejificha zinalazimika kuzaliana kwa fujo, na kwenye fujo hiyo kosa linaweza kutokea, kipande cha kromosomu (uzi wa urithi ndani ya seli) namba 8 kinakatika na kuhamia kwingine, mara nyingi namba 14, na jeni inayoitwa MYC inabaki inaamuru seli igawanyike bila kusimama. Kwa kawaida seli iliyoharibika hivyo hujiua yenyewe, EBV inaizuia isife. Kwa hiyo mwambie mdogo wako hakuna alichokosea na hakuna jirani aliyemroga mtoto wake, ni vitu vilivyokutana ndani ya mwili mmoja.

Na mama yako anakumbuka vizuri kabisa! Kati ya 1977 na 1982 North Mara kulifanyika jaribio, watoto chini ya miaka 10 wanapewa klorokwini kila wiki 2 ili ionekane malaria ikipungua je Burkitt nayo itapungua. Burkitt ilipungua kweli, ila ilikuwa imeanza kushuka kabla dawa hazijaanza kugawiwa, na halafu klorokwini ikaanza kushindwa na vimelea, malaria ikarudi, kwa hiyo jaribio halikufunga mjadala. Lakini nataka watu wa Mara mjue kwamba watoto wenu wa wakati ule wamo kwenye vitabu vya dunia kuhusu kansa.

La mwisho na ni la haraka. Huu uvimbe unaweza kuwa mara mbili ndani ya siku moja au mbili, ni kati ya kansa zinazokua haraka kuliko zote, ila ndo hizo hizo zinazoyeyuka haraka kwa dawa, na watoto wengi wanapona wakiwahi na WAKIMALIZA dozi. Msimtoe hospitali kwa sababu shavu limerudi kawaida. Na wazazi wengine mnaosoma hapa, mtoto wa miaka 6 huwa anang'oka meno ya mbele, akianza kulegea magego ya nyuma, au jicho likianza kutoka, au tumbo linavimba kwa siku chache, msiishie kung'oa jino, ombeni rufaa wiki hiyo hiyo.

SWALI: Dokta, binti yangu yuko darasa la sita, ana miaka 12, shuleni wanataka kuchanja chanjo ya kansa ya mlango wa kizazi. Kwenye grupu letu la wazazi wanasema inafunga kizazi. Pia mbona wanachoma sindano moja wakati zamani walikuwa wanachoma mbili? (Mzazi, Tabata)

JIBU: Mchanjishe, mzazi mwenzangu. Kansa hii karibu yote inatokana na virusi vya HPV vinavyopita kwa kujamiiana, aligundua hivyo Harald zur Hausen wa Ujerumani kwenye miaka ya 1983 na 1984 akaja kupewa Nobel mwaka 2008, na chanjo inafanya kazi vizuri ikipigwa kabla msichana hajakutana na kirusi, ndo maana wanawafuata wakiwa wadogo, sio kwamba mtu anamfikiria binti yako vibaya. Hilo la kufunga kizazi limefuatiliwa miaka na miaka nchi nyingi na halijaonekana. Kilichoonekana ni hiki: Sweden waliwafuatilia wasichana, waliochanjwa kabla ya miaka 17 kansa hiyo ilipungua kwa asilimia 88.

Kuhusu sindano moja, usidhani mmepunjwa. Kenya walifanya utafiti wa KEN SHE na wasichana 2,275 wa miaka 15 mpaka 20, Nairobi, Thika na Kisumu, matokeo yakatoka 2022 na dozi moja ilizuia aina hatari za HPV 16 na 18 kwa zaidi ya asilimia 97 kwenye miezi 18 ya kwanza. Tanzania tulianza na dozi mbili 2018, sasa ni moja. Wewe mwenyewe kama una miaka 30 na kuendelea nenda kapime mlango wa kizazi, chanjo ya binti haikukingi wewe.

SWALI: Nilienda kuchangia damu wakanirudisha, wanasema nina homa ya ini B. Sina dalili yoyote, nina nguvu zangu, nabeba mizigo sokoni kila siku. Ndo nishapata kansa ya ini? Mke wangu ana mimba ya miezi mitano. (Msomaji, Mbagala)

JIBU: Hapana kaka, hujapata kansa, ila usikae hivo hivo kwa kuwa una nguvu. Taiwan waliwafuatilia wanaume 22,707, na 1981 wakaonyesha kwamba wenye kirusi cha B walipata kansa ya ini zaidi ya mara 200 ya wasio nacho. Inatisha, najua, lakini wengi wao hawakuipata katika muda ule, na hapa pia kirusi kina wenzake. Mmoja ni sumukuvu, ile ya mahindi na karanga zilizoota ukungu: Shanghai, kwenye utafiti mwingine ambao hesabu zake usizilinganishe na zile za Taiwan, walikuta mtu mwenye vyote viwili hatari yake inafika karibu mara 60 ya asiye na hata kimoja. Kwa hiyo karanga yenye ukungu tupa, usiipepete ukala iliyobaki, na pombe acha kabisa.

Nenda hospitali ya rufaa wakupime wingi wa kirusi na hali ya ini, kuna wanaohitaji dawa na kuna wanaofuatiliwa tu kila miezi 6. Mke wako apime wiki hii. Akikutwa hana achanjwe, mimba haizuii. Akikutwa nacho awaambie kliniki mapema, maana mtoto akiambukizwa wakati wa kuzaliwa nafasi ya kubaki nacho maisha yote ni kama 90 kwa 100, wakati mtu mzima ni chini ya 5. Mtoto achanjwe ndani ya saa 24 za kuzaliwa, na kama kituo mnachojifungulia hakina hiyo chanjo ya siku ya kwanza muulize sasa hivi inapatikana wapi, bado mna miezi minne ya kuitafuta.